Profesa na Dawa Iliyoitwa Nyamaza

Kila asubuhi, mbele ya kitanda chochote, Profesa alianza na swali lilelile. Mwanamke huyo aliliuliza kwa Kifaransa na kwa sauti ya chini, ili ndugu wa mgonjwa wasisikie: nani anamuua huyu?

Mara ya kwanza kulisikia nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, nina koti jeupe jipya na kiburi kipya zaidi. Kitandani alilala mchimbaji kutoka Kambove, mmoja wa wale wanaochimba madini kwa sururu na mikono yao wenyewe. Jiwe lilikuwa limemkata mguu, kidonda kikaoza, vijidudu vikaingia kwenye damu. Nikajibu upesi, maana siku zile niliamini kwamba anayejibu upesi ndiye anayejua.

"Microbe, Prof."

Profesa aliniangalia juu ya miwani. "Microbe ilisha kufa tangu juzi. Antibiotique ilimaliza kazi yake, damu iko propre, safi. Lakini angalia: mafigo zimesimama, mapafu imejaa mayi, moyo inachoka. Sasa nani anamuua?"

Tulikuwa wengi, na kila mmoja wetu aligundua ghafla kwamba viatu vyake vinahitaji kutazamwa.

"Yee mwenyewe," akasema. "Mwili yake njo inamuua. Na miye nataka kujua juu ya nini."

Mchimbaji yule hakufika mchana. Nililia chooni, kisha nikanawa uso nikaenda kumtafuta Profesa nimwombe nafasi katika maabara yake. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mkia wake kwa miaka mingi, na wenzangu hawakuacha kunitania.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitasema, kwa sababu sijui vizuri. Ukimuuliza habari hizo alikugeuzia swali, na punde si punde wewe ndiye uliyekuwa ukimweleza habari za nyanya yako na ugonjwa uliomuua. Aliokota maswali kila mahali. Siku moja alisimamisha wateja wote wa mama mmoja muuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, akitaka kujua kwa nini uji unalainika ukitiwa ule mzizi, na kwa nini mzizi wa jana unafanya kazi polepole kuliko wa leo. Watu nyuma yake walianza kuguna.

"Mama, unanunua ao unaniuliza?" muuzaji akasema.

"Yote mbili," Profesa akajibu, na akaondoka na chupa ya munkoyo mkono mmoja na mzizi mkono wa pili. Mzizi huo ulikaa juu ya meza ya maabara muda mrefu, umekatwakatwa vipande, na hakuna aliyeruhusiwa kuutupa.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni mfano wa jeshi. Vitabu vingi vinasema kinga ya mwili ni jeshi, na vijidudu ni adui. Mwanafunzi akianza kueleza hivyo, Profesa alimkata kauli. "Mu cours yangu hakuna basoda," alisema, maana yake askari. "Mutanieleza na kilio."

Kwetu Lubumbashi kilio ni msiba mzima: turubai barabarani, viti vya kukodi, nyimbo, watu wanaolala nje siku kadhaa. Alitueleza hivi, akiwa amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia kama ya msichana:

"Mutu amekufa. Bantu banakuya kusaidia. Moya analeta sukari, mwingine analeta makala ya kupikia. Bote banamupenda mujane, hakuna mubaya pale. Kisha banabaki. Banakula, banakunywa, banavunja biti, batoto ba shangazi banauza hata tôle, bati ya jikoni. Siku kilio inakwisha, mujane hana hata sufuria. Nani alimumaliza? Mwizi? Hapana. Ni bale baliokuya kulia naye."

Tukacheka, maana kila mmoja alikuwa na shangazi wa namna hiyo.

"Musicheke. Mubabafukuza saa gani? Mukibafukuza mbele ya kuzika, nani atabeba sanduku? Mukichelewa, nyumba imekwisha."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa aliousoma maisha yake yote, sepsisi kwa jina la vitabuni. Vijidudu vinaingia, mwili unapiga kelele kuita msaada, na kelele haziishi. Mishipa inavuja, figo zinafunga, mtu anakufa kwa msaada aliouita mwenyewe. Kutuliza kelele hizo kunawezekana. Shida ni kumtuliza nani na wakati gani, kwa sababu ukiutuliza mwili ambao bado unahitaji kupigana, umewafungulia vijidudu mlango.

Dawa yake hakuitunga yeye. Ilitengenezwa Ulaya, ikajaribiwa kwa wagonjwa wengi, ikaonekana haina faida, ikawekwa kabatini. Profesa alisoma habari hizo akashikwa na hasira ambayo haikumtoka tena. Walikuwa wamewapa wote sawasawa, mwenye mwili unaopiga mayowe na mwenye mwili uliokwisha kuchoka. "Banamuambia anyamaze mutu asiye na sauti!" alikuwa akisema, mikono juu. Alisumbua watu wa Ulaya mpaka wakamwachia ile dawa, nadhani kwa kuchoka. Wauguzi wetu wakaibatiza Nyamaza, lile neno mama anamwambia mtoto anayelia, na jina likashika mpaka likasahaulisha jina la kweli.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa damu. Tulichukua damu yetu wenyewe, tukaitia kwenye vichupa, tukachanganya na vijidudu vilivyokufa, kisha tukapima ni kelele kiasi gani damu inapiga. Yangu ilipiga kelele kuliko ya wote. Profesa alifurahi kupita kiasi, akawaita watu wa maabara ya jirani waje waone. "Angalieni damu ya huyu! Iko na makelele sawa mwenyewe!" Nilitaniwa mwaka mzima. Lakini hapo ndipo alipoanza kushuku kwamba watu hatufanani, na kwamba labda kipimo kidogo cha damu kingeweza kumwonyesha yupi anahitaji Nyamaza na yupi aachwe. Miaka ilikwenda katika kutafuta kipimo hicho.

Ilikwenda pia katika kutafuta baridi. Umeme wa mji wetu kila mtu anaujua. Friji ya maabara ilipozimika tulikimbiza vichupa vyetu vyenye namba, ndani ya sanduku, kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mlokole, mwenye chumba cha baridi cha samaki na jenereta kubwa. Alikubali bila maswali, akaliombea sanduku letu kila asubuhi pamoja na katoni zake za samaki. Siku moja vijana wake wakaliuza. Mama mmoja mchuuzi alinunua katoni zake, na sanduku la Profesa likaenda nazo mpaka sokoni. Jua lilikuwa kali. Alasiri mama yule alirudi nalo kichwani, amekasirika.

"Mi sitaki samaki ya namba namba," akasema, akalitua mbele yetu.

Damu yote ilikuwa imeharibika, kazi ya miezi. Mimi nilitaka kumshika mtu shati. Profesa akawauliza wale vijana, kwa upole kabisa, wanatambuaje katoni ya nani ni ya nani. Wakamwambia: kwa rangi ya kamba. Kamba yetu ilikuwa ya bluu, na ya yule mama pia ilikuwa ya bluu. "Ah, bon," akasema, kama mtu aliyepewa zawadi. Kesho yake tulinunua kamba nyekundu tukaanza upya. Nilimnunia wiki nzima kwa ajili ya utulivu ule.

Alikuwa na upande wake mwingine. Mtu huyohuyo asiyekubali nukta ikae mahali pasipo pake, sokoni alidanganya bila haya. Alisema ana watoto lundo nyumbani wanaolia njaa, ili aongezewe majani ya matembele kwenye fungu lake, na nyumbani alikuwa na mpwa mmoja tu, kijana mwalimu wa hesabu. Alikuwa amewachoma sindano watu wa kitivo kizima, lakini yeye mwenyewe aliogopa sindano kama mtoto, na akiugua malaria aliapa kwamba tumbo lake linatosha kumeza chochote. Hasira yake haikuwa na kelele. Alianza kusema polepole, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, akakuita Monsieur. Ukisikia Monsieur, jua umekwisha.

Nilimuuliza siku moja, tukila bukari, ugali wetu, na dagaa wa ndakala ofisini, anataka nini hasa katika haya yote. Sifa? Jina lake juu ya dawa? Alitafuna kwanza, akameza.

"Nataka kujua mbele nife," akasema. "Ile tu. Kama inasaidia, nijue. Kama haisaidie, nijue pia. Kukufa bila kujua, ile njo itaniuma."

Basi likaja jaribio lenyewe, pale hospitalini. Wagonjwa wote wangepata kila kitu tulichokuwa nacho: antibiotiki, maji ya mshipa, oksijeni. Wale ambao kipimo cha damu kilionyesha kelele nyingi wangeongezewa chupa moja. Katika chupa mlikuwa na Nyamaza au mlikuwa na maji ya chumvi, na macho hayawezi kutofautisha. Kompyuta iliyo mji mwingine ndiyo iliyochagua. Sisi kitandani tulisoma namba tu, na siri ingefunguliwa siku jaribio litakapofungwa.

Kuwaeleza ndugu wa wagonjwa hakumwachia mtu. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye hangari ya bati nyuma ya hospitali, ambako ndugu hupika juu ya mbabula za makaa, akavuta kigoda akakaa. Namkumbuka mama mmoja aliyetoka Mitwaba juu ya lori la mahindi na binti yake aliyeugua baada ya kuzaa. Alimsikiliza Profesa mpaka mwisho, mkono kiunoni, mwiko mkononi.

"Weye Profesa muzima, huyue kama dawa yako inaponyesha?"

"Siyue, Mama."

"Na kama huyue, unaipatia bantu juu ya nini?"

"Ningejua inaponyesha, kupatia mutu mayi ingekuwa kuua. Ningejua inaua, kupatia mutu Nyamaza ingekuwa kuua. Siyue, njo maana nakuomba. Ukikatala, tutatunza mutoto yako vile vile, na mi sitakukasirikia."

Mama akageuza bukari yake, akafikiri, akakataa. Profesa akamshukuru kwa mikono miwili, na kila siku akapita kumwona yule binti mpaka alipotoka hospitalini kwa miguu yake. Mimi nililalamika. Binti alikuwa na kipimo tulichokitafuta, tumempoteza kwa sababu ya maelezo marefu, tungefupisha kidogo. Nikaitwa Monsieur. Nikaambiwa, kwa Kifaransa kile cha pasi, kwamba ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina maana yoyote, na kwamba hataki jibu lililojengwa juu ya ndiyo za namna hiyo.

Walipoanza kupona watu, wakaja kuku. Kwetu mtu hatoki kitandani mwa mauti akaenda zake mikono mitupu. Familia ilifika imevaa vitambaa vya Jumapili, kuku amefungwa miguu, unga ndani ya beseni. Profesa hakupokea. "Munashukuru nani?" aliwauliza. "Pengine mulipata mayi." Wengine walicheka, wengine waliudhika kwelikweli, na kuku wote waliishia kwenye hangari, sufuriani mwa waliokuwa bado na wagonjwa. Mimi niliona anazidisha. Kuku ni kuku, na familia ilihitaji kumpa mtu shukrani zake.

Kanisani kwake Katuba nako akazua mambo. Mchungaji, mtu mwema, alitangaza mbele ya waumini kwamba Mungu anaponya watu hospitalini kwa dawa ya mama yetu Profesa. Makofi, vigelegele. Profesa akasimama kwenye benchi lake, amevaa kitenge cha sherehe, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Pasta, pardon. Hatuyue bado."

Vigelegele vikafa. Mchungaji akatabasamu, akasema imani ya mama yetu ni ya unyenyekevu. Profesa, badala ya kukaa, akasema haukuwa unyenyekevu, bali hesabu haijaisha, na waombee iishe vizuri, kwa ndiyo au kwa hapana. Waumini walinuna. Kuombea hapana hakujawahi kusikika katika kanisa lile. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alikuwa palepale, benchi lilelile, akiimba kwa nguvu na bila sauti nzuri.

Wakati wa kustaafu ulipofika jaribio lilikuwa bado. Wagonjwa wanaofaa walikuja mmojammoja, na wengine walikataa. Akanikabidhi uongozi wake, akahamia na mpwa wake kwenye kiwanja alichonunua zamani pembeni mwa mji, katika komini ya Annexe, akalima mahindi na maharagwe. Nilifikiri atapumzika. Alikuja kila juma kuuliza wamefika wangapi, akaleta maharagwe, akaondoka na maswali. Kilichomo ndani ya chupa hakukiulizia hata mara moja, na akinikuta nimekunja uso kwa sababu mgonjwa amekufa, alivuta kiti akakaa nami.

Ilikuwa katikati ya mvua alipoletwa. Jembe lilimkata mguu shambani, na yeye, kama madaktari wote, alijifunga kitambaa akajiambia si kitu. Mpwa wake alimkuta anatetemeka na maneno yamemchanganyika, akamtia kwenye teksi. Saa nne asubuhi alikuwa kitandani mbele yangu, vidole vimekuwa vya kijivujivu, presha iko chini, anahema kama aliyekimbia. Tukaanza antibiotiki na maji palepale. Akili ikamrudia kidogo maji yalipoingia. Kipimo cha damu kikarudi, na kilikuwa juu sana. Alikuwa mgonjwa wa aina ileile aliyoamini kwamba Nyamaza imetengenezwa kwa ajili yake.

Ndani ya kabati la duka la dawa la hospitali kulikuwa na chupa chache za Nyamaza ya kweli, zilizobaki kutoka majaribio ya mwanzo. Namba hazikuwa nazo, zilikuwa na jina. Niliinama sikioni mwake.

"Prof, nitakupatia ile ya mu kabati."

Akafungua macho. "Na utaniandika fasi gani?"

"Sitakuandika, Mama."

"Alors nitapotea." Akasubiri pumzi irudi. "Nikipona, benye kuiamini batasema munaona. Nikikufa, benye kuikatala batasema munaona. Na hakuna mutu atakuwa amejua kintu. Nitie mu jaribio sawa bengine."

Mpwa wake alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, nguo zake zinachuruzika. "Tantine, acha masomo leo!" akapiga kelele. Akanigeukia mimi. "Docteur, dawa iko, unajua fasi iko, unasikiliza nini?"

Alisema kila kitu nilichokuwa nacho moyoni. Nilimpenda mwanamke yule kama mama yangu, na dakika ile nilimchukia kwa ukaidi wake. Kanuni hazikumzuia kuingia, uongozi ulikuwa mikononi mwangu tangu alipostaafu. Kanuni hazikunizuia pia kumpa chupa ya kabatini. Kilichonizuia ni yeye tu, anayenitazama na akili zake zote.

"Usinitoshe inje," akasema. "Miaka yote ile nilikuwa kwa mulango. Leo njo naingia."

Basi nikavuta kiti. Kabla ya kumwingiza mgonjwa kuna maneno ambayo lazima asomewe, kwa Kiswahili, na maneno hayo aliyaandika yeye. Nilimsomea moja baada ya lingine: kwamba atatunzwa kwa kila kilichopo, kwamba katika chupa kunaweza kuwa na dawa au maji, kwamba hakuna kati yetu anayejua, kwamba anaweza kukataa. Alisikiliza kama mtu anayeyasikia mara ya kwanza. Kisha akaniuliza swali ambalo wagonjwa wote huuliza.

"Docteur, ile dawa itaniponyesha?"

Mpwa wake alikuwa ananikodolea macho.

"Siyue, Mama."

"Uko nalia."

"Niko nalia. Na siyue."

"Voilà," akasema, na nikaona ameridhika.

Alishindwa kushika kalamu. Mpwa alisimama kando muda, amefunga mikono kifuani, halafu akaja akamshika kifundo cha mkono mpaka jina likaandikika. Nikatundika chupa. Profesa akaitazama ikianza kudondoka.

"Eh," akasema. "Tuangalie."

Siku zilizofuata, alipokuwa na nguvu, alinieleza anavyojisikia, na alitaka niandike. Baridi ilianzia magotini. Masikioni alisikia moyo wake kuliko sauti zetu. Ulimi ulikuwa na ladha ya sarafu. "Andika tena kama kuko woga," aliniambia asubuhi moja. "Woga mukubwa, bila sababu, sawa mutu anakukimbiza. Mu bitabu habasemake ile." Nikaandika. Nikamuuliza kama woga unakuja na homa au peke yake. Akafumba macho kuuchunguza, akakaa hivyo, kisha akasema peke yake, na akashangaa mwenyewe.

Alikufa kabla ya juma kwisha, mchana, mpwa wake akiwa amemshika mkono uleule. Tulijaribu kila tulichojua. Nje ya chumba cha maiti mpwa alinisimamisha.

"Sasa unaweza kuniambia. Ilikuwa dawa ao mayi?"

"Siyue."

"Ungeweza kuuliza ile computer."

Ningeweza, kwa kweli. Kuna njia ya kuuliza, kwa dharura, pale jibu linapoweza kubadili matibabu. Hakukuwa tena na matibabu ya kubadili. Nilimweleza hivyo, akanisikiliza mpaka mwisho, na siku ya mazishi hakunipa mkono. Simlaumu. Nyumbani nilimkasirikia Profesa kwa sauti, peke yangu, nikimwita Madame kwa Kifaransa kizuri kadiri ninavyokiweza. Alitaka kujua kabla ya kufa, na nafasi ile moja ya kupona niliyokuwa nayo kabatini niliiacha ikae kabatini. Labda ilikuwa nafasi. Labda ilikuwa sumu. Mpaka ninapoandika haya jaribio halijafungwa.

Baada ya mazishi nilifikiria kuliacha. Niliendelea kwa sababu Jumatatu ilifika na kulikuwa na wagonjwa. Mmoja wao alikuwa mke wa dereva wa malori wa njia ya Likasi, mwanamke kijana, kipimo chake kiko juu. Mumewe nilimkuta kwenye hangari, amesimama katikati ya wanawake wanaopika, hajui pa kuweka mikono. Nilivuta kigoda nikamweleza yote. Alisikiliza huku anasugua ufunguo wa lori kwenye suruali.

"Docteur," akasema, "kama angekuwa mutu yako, ungekubali?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa zamani, na nilikuwa na jibu lake zuri la kujifunza. Halikuja.

"Alikuwa mutu yangu," nikamwambia. "Nilikubali."

"Alipona?"

"Hapana. Alikufa."

Ufunguo ukaacha kusugua. "Balimupatia dawa ao mayi?"

"Siyue. Mpaka leo siyue."

Akautia ufunguo mfukoni. Nikajua nimempoteza, na nilishangaa kwamba sikujuta. Akaniambia nimngoje, akaenda kwa wakwe zake waliokuwa wamekaa upande wa pili wa hangari, kwenye moshi. Waliongea wakinitazama. Mama mkwe alitikisa kichwa, akasema kitu kirefu, na dereva akarudi.

"Mama mukwe anasema mutu wa kudanganya angesema alipona," akasema. "Andika bibi yangu."

Nikamwita muuguzi, nikaenda kuchukua chupa.